SOMO LA AFYA: KUONA MBELE NJIA YA KOLERA



Mkulima akiona mawingu meusi juu ya milima ya Masisi, anaanika maharagwe yake ndani. Yeye si nabii; anajua dalili. Na ugonjwa wa kuambukiza ni vilevile: tukihesabu vizuri, tunaweza kuona unaelekea wapi.

1. Hesabu yenyewe. Tuseme kila mgonjwa anaambukiza watu wawili. Wagonjwa wapya watakuwa 2, 4, 8, 16, 32, 64. Hatua sita tu! Lakini kama wagonjwa wawili wanaambukiza mtu mmoja, tunashuka: 64, 32, 16, mpaka unaisha. Basi tusiulize tu, «Wagonjwa ni wangapi leo?» Tuulize tena, «Kila mmoja anaambukiza wangapi?»

2. Nani yuko katika hatari? Namba hiyo si moja kwa watu wote. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi zaidi ya 500,000 kutoka Rwanda waliingia Goma na kando yake. Wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila dawa. Kule Kibumba maji yalikuwa haba, na mawe ya volkeno yalizuia kuchimba vyoo. Kolera ikalipuka, kiisha ikafuata kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Mwisho wa 2022 kolera ilionekana tena katika kambi za Nyiragongo. Watu wengine, hali ileile. Njo sababu tunahesabu kambi kwa kambi, mtaa kwa mtaa: hesabu ya mji mzima inaficha wale wasio na maji.

3. Hesabu isiyotimia. Tukisema, «Watafika 64», watu wakatia klorini katika maji, wakanawa mikono, wakafika 20 tu, tusimcheke aliyehesabu. Onyo lake limefanya kazi.

Sisi wa Sake jambo hili linatuhusu. Februari 2024, vita vilipokaribia hapa, watu wengi walikimbilia upande wa Goma. Siku kama zile tusingoje mgonjwa wa kwanza. Pale watu wamejaa na maji safi yamekosa, kolera iko karibu.

ZOEZI
a) Wagonjwa ni 8, kila mmoja anaambukiza 3. Katika hatua ya pili, wapya ni wangapi?
b) Katika mtaa wenu, nani wanakunywa maji yasiyotiwa dawa wala kuchemshwa? Kutafanywa nini juma hili?