Pambo Lianzie Mlangoni

Aprili 1893, majeshi ya Dola Huru la Kongo, yakiongozwa na kamanda Dhanis, yalipoingia Kasongo ya zamani, ile ya Tongoni, daktari Sidney Hinde aliyefuatana nayo alikuta vitanda vya kuchonga, vyandarua vya hariri, na chumba kirefu chenye mlango uliofungukia bustani ya michungwa. Utajiri ule wa wafanyabiashara wa mji ulitokana na pembe za ndovu na watu waliotekwa; hatuutamani. Ila ule mlango na ile michungwa vinatufaa hata leo, kwa sababu kupanga nyumba vile hakuhitaji hariri.

Basi kabla hujanunua kitu sokoni, keti pale anapoketi mgeni wako na utazame anachokiona. Mara nyingi ni ukuta unaoelekeana na mlango. Pamba huo, na kuta nyingine uziache zipumue. Wengi wetu, Kasongo na Kabambare, tunatundika kila tulichopewa: kalenda za miaka iliyopita, maua ya plastiki, vitambaa juu ya vitambaa. Macho yanakosa pa kutua, na vumbi linapata makao.

Ukuta ukiwa wa udongo, una bahati kuliko wa saruji. Chekecha udongo, changanya na mchanga, kisha tia uji mwepesi wa unga wa muhogo ili ushike. Jaribu kwanza pembeni: ukipasuka, ongeza mchanga, ukiacha vumbi kiganjani, ongeza uji. Paka matabaka mawili membamba, la kwanza likauke kabisa kabla ya la pili. Haya ni ya ndani tu, maana mvua itauosha. Ukuta unaoelekeana na dirisha upake udongo mweupe, nao utarudisha mwanga chumbani kutwa nzima. Chini kabisa piga mkanda wa mkaa uliosagwa, upana wa shubiri mbili, ufiche alama za ufagio na za miguu ya watoto. Juu ya mkanda huo chora kwa mkono wako nakshi moja, ukiichukua kwenye mkeka wa nyumbani. Mstari usionyooka sana hauna ubaya. Ndio unaoonyesha kwamba hapa anakaa mtu.

Mlangoni, Zanzibar na Lamu wanachonga minyororo, mawimbi na maua kwenye miimo na kizingiti cha juu, na ufundi huo ulifuata njia ya misafara hadi Tabora. Mlango mzima wa nakshi ni ghali. Mwombe seremala akuchongee ule ubao wa juu peke yake, mstari mmoja wa mnyororo. Usiupake mawese hata kama yamejaa nyumbani: hayakauki, yanabaki yakinata na kukusanya uchafu. Vanishi kidogo inatosha.

Mkeka wa ukindu au wa rafia ndio pambo kubwa kuliko yote, nao unaumizwa na unyevu. Usiutandike juu ya sakafu mbichi, uanike mara kwa mara, na ukague chini yake kama mchwa wameanza njia. Ungo wa kupepetea mpunga uliokwisha kazi unapendeza ukutani, hasa zikiwa nyungo tatu za ukubwa tofauti zilizokaribiana. Picha ya wazazi itundike usawa wa macho ya aliyeketi. Tunazitundika juu mno, karibu na dari, na mgeni hawezi kuona hata sura.

Usiku, taa ya sola yenye mwanga mweupe mkali inaharibu kazi yote ya mchana. Igeuze imulike ukuta, isimulike nyuso za watu, au uifunike kwa kikapu kilichofumwa wazi wazi. Kikapu hicho kiwe cha taa ya sola tu. Kisikaribie mshumaa wala koroboi.

Anza na ukuta mmoja, wakati wa kiangazi udongo unapokauka upesi. Na ukienda kununua mkeka, usimkandamize mfumaji kwa bei. Mlipe anachostahili, kisha mwombe amfundishe mwanao kufuma.