Alama moja iliyoiangusha libvirt

Ndugu wanafunzi, hasa mlio katika fani ya kompyuta, leo nimechagua tusome pamoja hitilafu moja iliyorekebishwa mwaka 2024. Ilikuwa katika libvirt, programu huria inayosimamia kompyuta pepe kwenye Linux: kuziwasha, kuzizima, kuzigawia diski na mtandao.

Moja ya kazi zake ni kuorodhesha viunganishi vya mtandao vya seva. Anayeuliza huleta safu yenye nafasi za majina, tuseme tatu, nayo libvirt huzijaza. Katika lugha ya C nafasi hizo ni 0, 1 na 2. Kihesabu kikifika 3, safu imejaa.

Sasa angalieni. Kabla ya kuandika kila jina, msimbo uliuliza: je, kihesabu ni kikubwa kuliko 3? Tatu si kubwa kuliko tatu! Basi jina la nne likaandikwa nje ya safu. Kosa hilo lilikuwamo tangu 2012, na si ajabu likajificha: kwa kawaida muulizaji huulizia kwanza idadi ya viunganishi, kisha huleta safu inayotosha, hivyo orodha huisha kabla ya kuvuka mpaka. Mwaka 2019 hali ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa msimbo ulianza kukubali hata safu isiyokuwapo, yenye ukubwa 0. Sifuri nayo si kubwa kuliko sifuri. Programu ikijaribu kuandika kwenye safu isiyokuwapo, kwa kawaida mfumo endeshi huikatisha.

Msilione dogo. Mtumiaji wa kawaida wa seva, asiye na mamlaka yoyote ya usimamizi, aliweza kuiangusha libvirt kwa ombi moja. Kompyuta pepe za QEMU zingeendelea kufanya kazi, maana kila moja ni mchakato unaojitegemea, lakini msimamizi asingeweza kuziamrisha kupitia libvirt mpaka iwashwe tena. Na mtu yule angeweza kurudia.

Dawa yake? ">" iligeuzwa kuwa ">=". Basi.

Msimbo uko wazi kwa yeyote. Tafuteni humo udevListInterfacesByStatus mfuate kihesabu kwa kalamu na karatasi. Kisha chukueni kitanzi mlichoandika wenyewe wiki hii, mkipe 0, mkipe idadi kamili, halafu mkizidishie moja.