Waifai Isiyofika Chumbani

Waifai ikisumbua chumbani, jambo la kwanza wanalofanya watu wengi ni kupandisha kifurushi. Aliyekuwa analipia megabiti 10 kwa sekunde anakwenda 20, aliyekuwa na 20 anakwenda 40. Fedha inatoka kila mwezi, na simu ya video inaendelea kuganda pale pale kitandani. Inaniuma, kwa sababu kwa kaya nyingi fedha hiyo haikuhitaji kutoka. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa filamu yenye picha ya 1080p, na simu ya video ya WhatsApp inaridhika na kiasi kidogo zaidi. Kifurushi cha kawaida kinatosha kabisa. Kinachokosekana ni mawimbi kufika ulipolala.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, tenganisha njia mbili ambazo kwenye simu zinaonekana kama kitu kimoja. Kuna njia ya kutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye ruta yako, iwe kwa faiba au kwa laini ya 4G. Halafu kuna njia ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu, na hiyo peke yake ndiyo waifai. Kujua ni ipi mbovu hakuhitaji fundi. Zima data ya simu, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, fungua fast.com, subiri namba itulie, uiandike. Kisha nenda chumbani, funga mlango kama unavyoufunga usiku, upime tena. Namba ikiwa ndogo hata ukiwa karibu na ruta, tatizo liko kwa mtoa huduma, na unapompigia mwambie hivyo: nimepima nikiwa kando ya ruta. Ikiwa kubwa sebuleni na ndogo chumbani, tatizo liko ndani ya nyumba yako, na hakuna kifurushi kitakacholitibu. Pima asubuhi, halafu rudia kati ya saa mbili na saa nne usiku, mtaa mzima unapokuwa mtandaoni.

Usitegemee sana ile alama ya waifai iliyo juu ya kioo cha simu. Inakuonyesha jinsi simu inavyoisikia ruta. Haikuonyeshi jinsi ruta inavyoisikia simu, na mazungumzo ni ya pande mbili. Ruta imechomekwa ukutani muda wote, ilhali simu inabana betri na antena zake ni ndogo, hivyo mawimbi yake ni hafifu zaidi. Ndiyo maana unaweza kuona alama imejaa, lakini ujumbe wa sauti uliourekodi unazunguka tu bila kutoka.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni namba. Kwenye Android, pakua programu ya WiFi Analyzer. Kwenye iPhone, Apple wana programu yao iitwayo AirPort Utility. Ukiisha kuipakua, ingia kwenye mipangilio ya simu, ichague hiyo programu, uwashe Wi-Fi Scanner. Zote zinaonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi za dBm, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwenye −50 uko vizuri sana. Hadi −67 hivi, simu ya sauti na ya video inakwenda bila shida. Ukifika −75 maneno yanaanza kukatika, na kupita −80 simu inashika na kuachia. Jambo la kukumbuka ni kwamba namba ikishuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja ya kumi. Ukuta ukila 20, umebakiwa na moja ya mia.

Sasa tembea na simu mkononi, polepole, kutoka kwenye ruta hadi chumba cha mwisho, ukiitazama namba inavyobadilika. Utaona inashuka kidogo kidogo ukiwa sebuleni, halafu unapita mlango, unakata kona nyuma ya ukuta, na ghafla inaporomoka. Hapo umempata mkosaji. Matangazo kwenye boksi la ruta huhesabu eneo la wazi, au nyumba za mbao na ubao wa jasi. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, nguzo za zege na nondo ndani yake, na hivyo vyote vinameza mawimbi. Mji Mkongwe, Unguja, mambo ni magumu zaidi: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta zinazoweza kukaribia unene wa nusu mita. Humo usitegemee mawimbi kupenya ukuta. Yatumie madirisha na milango. Ruta iliyokaa upande unaotazama ua wa ndani inaweza kuhudumia vyumba vinavyouzunguka ua huo, hata vile ambavyo ukuta ungeviziba kabisa.

Bati, geti, friji, kioo kikubwa cha kujitazamia na tangi la maji navyo ni vizuizi. Na sehemu mbaya kuliko zote ndiyo ile tunayoipenda: ndani ya kabati la sebuleni, nyuma ya televisheni. Itoe ruta hapo leo. Iweke juu, kimo cha mtu au zaidi, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu. Korido inafaa sana. Antena zisimamishe wima. Watu huzielekeza chumbani kama wanaonyesha kidole, kumbe mawimbi hutoka ubavuni mwa antena na kwenye ncha yanakuwa hafifu. Ukiwa na ghorofa na ruta ina antena mbili, moja ibaki wima, nyingine ilaze ili ubavu wake utazame juu na chini. Baada ya kila badiliko rudi chumbani usome namba.

Kwa wenye faiba, siku ya kufungiwa ndiyo yenye thamani. Fundi ana kazi nyingine tatu za kwenda, na mahali pepesi kwake ni pale waya unapoingilia. Kaa naye kabla hajatoboa ukuta, mwonyeshe unapolala na unapofanyia kazi, muombe auvute waya hadi koridoni. Siku ile ni mita chache za waya. Baadaye ni kumwita upya na kutoboa tena.

Wenye ruta ya laini wana mtihani mwingine. Ruta hiyo inataka dirishani ili ishike mnara vizuri, na inataka katikati ya nyumba ili waifai ienee. Haviwezekani vyote kwa kifaa kimoja. Iache dirishani, vuta waya wa mtandao wa Cat 5e hadi koridoni, uchomeke ruta ya pili ya bei nafuu, hata ya zamani uliyoiweka kabatini, ipangwe iwe kituo cha kusambaza waifai tu. Waya huo unafika hadi mita 100 bila kupoteza kasi, na ukuta hauusumbui.

Naupenda waya kuliko vile vifaa vya kurefusha waifai vinavyochomekwa kwenye soketi. Si kwamba havifai, ila vinawekwa vibaya. Mtu anakichomeka chumbani, kwenye giza lenyewe la mtandao, kisha anashangaa. Kifaa hicho kinarudia tu kile kinachokisikia. Kiweke njiani, mahali ambapo simu yako bado inasoma kama −60. Na kama kinapokea na kutuma kwa bendi moja, kasi inapungua karibu nusu.

Kuhusu bendi: ruta nyingi za sasa zina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya kwanza inafika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini ina kasi ndogo na msongamano mkubwa. Hata maikrowevu ya jikoni inafanya kazi kwenye mawimbi hayo hayo. Ya pili ina kasi lakini inachoka upesi kwenye ukuta. Ukiona majina mawili na moja linaishia na 5G, hiyo ni bendi ya gigahezi 5, haihusiani na 5G ya kampuni ya simu. Sebuleni tumia hiyo. Chumba cha mbali tumia ya 2.4. Ukiishi kwenye jengo la fleti, WiFi Analyzer itakuonyesha ruta za majirani zimerundikana chaneli ipi. Kwenye 2.4, chagua kati ya 1, 6 na 11, maana hizo haziingiliani. Unabadilisha kwa kuandika kwenye kivinjari anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Ukiwa humo, badilisha na neno la siri, hasa kama mtaa mzima umeshalijua.

Simu nayo ina tabia zake. Hung'ang'ania mawimbi dhaifu ya sebuleni hata kama kituo cha koridoni kiko jirani. Zima waifai na uiwashe, itachagua upya. Na bando likikuishia ukiwa nyumbani, tazama mipangilio: iPhone ina Wi-Fi Assist, na simu nyingi za Android zina chaguo kama hilo, ambalo linahamia kwenye data waifai ikilegea. Anayefanya mikutano kwa simu aliache likiwa limewashwa. Anayenunua bando la siku alizime.

Limebaki suala la umeme. Ukikatika, simu yako ina betri lakini ruta haina. Kuna betri ndogo za ruta madukani zinazoishikilia kwa saa kadhaa. Kabla ya kununua, soma volti kwenye chaja ya ruta: nyingi ni 12, nyingine ni 9 au 5, na ukikosea unaweza kuiunguza. Kwa wenye faiba, angalia kama ukutani kuna kisanduku tofauti kinachopokea waya kabla ya ruta. Hicho nacho kinahitaji umeme, kwa hiyo nunua betri yenye sehemu mbili za kuchomeka, na volti zilingane na kila kifaa.