Kaya Zaongezeka Upesi Kuliko Watu Kitui na Makueni

Utakapokwenda nyumbani Kitui au Makueni, hesabu wanaokula chungu kimoja. Hao ndio kaya. Huenda ukawakuta wawili, au mama mzee peke yake.

Sensa yasemaje? Mwaka 2009 Kitui ilikuwa na watu 1,012,709 katika kaya 205,491. Kufikia 2019 watu walikuwa 1,136,187 na kaya 262,942. Watu waliongezeka kwa asilimia 12, kaya kwa asilimia 28. Makueni pia watu waliongezeka kwa asilimia 12, lakini kaya kwa asilimia 31. Kaya ya wastani Kitui ilishuka kutoka karibu watu 5 hadi 4.3, Makueni kutoka 4.7 hadi 4.

Sababu ni zipi? Kwanza, uzazi umepungua: nchini Kenya mama alizaa wastani wa watoto 8 mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini 3.4 mwaka 2022. Pili, vijana huhamia Nairobi na Mombasa kutafuta kazi. Tatu, kijana akioa hujenga na kupika kwake.

Yahusianaje na afya? Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari mwaka 2023, hugawiwa kaya, kila mmoja takriban 100. Tufanye hesabu. Watu wale wale wa Kitui wa 2019 wakiishi 3.5 kwa kila kaya, kaya zitakuwa kama 324,600. Hizo ni zaidi ya 61,000 za ziada, zinazohitaji wahudumu wapya 600 na zaidi, hata asipozaliwa mtoto mmoja. Na katika kaya ya mtu mmoja, nani atachota maji mtoni mgonjwa akilala? Nani atamkumbusha dawa za presha?

Ufanye nini?

1. Hakikisha mzazi amejisajili SHA yeye mwenyewe. Bima yako humhudumia mwenzi wako na watoto, si mzazi. Mchango wa chini kwa asiye na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi.

2. Mjue mhudumu wa afya wa kijiji chenu, uwe na nambari yake ya simu.

3. Elewana na jirani amchungulie mzee kila asubuhi.

Pesa unazotuma zitanunua dawa, lakini hazitagonga mlango kujua kama mzee ameamka salama.