Mfupa Gani Tumpe Mbwa?



Tukizungumza juu ya mifugo tunataja ng'ombe, mbuzi na kuku. Mbwa hatumtaji, ingawa ndiye anayewalinda hao wote usiku. Tukiulizwa anakula nini, tunajibu, "Si mifupa tu?" Somo letu la leo linahusu jibu hilo.

KISA

Katika kikundi kimoja tunachotembelea, kina mama walichinja kuku siku ya kugawana akiba yao. Walipomaliza kula, mifupa yote ilimwagiwa mbwa wa boma. Kesho yake mbwa akawa anajikamua bila kupata choo, kisha damu ikaonekana. Siku ya tatu akafa. Haikupita mwezi, wezi wakaingia na kuchukua mbuzi wanne wa kikundi. Mama mweka hazina alituambia, "Na sisi tulidhani tunamfurahisha." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kilichokosekana ni maarifa.

1. MIFUPA ILIYOPIKWA: HAPANA

Mfupa ukichemshwa, ukikaangwa au ukichomwa hukauka. Mbwa akiutafuna unapasuka vipande vyenye ncha kali. Vipande hivyo huchoma koo, hutoboa utumbo au hukusanyika nyuma na kuziba choo. Mifupa ya kuku ndiyo mibaya zaidi kwa kuwa ni myembamba. Itupe ndani ya choo cha shimo au ichome iwe majivu.

Gunzi la mahindi pia si chakula cha mbwa. Akilimeza halisagiki, linaziba utumbo. Kipande cha ngozi kavu nacho kikilowa mate huteleza na kumezwa kizima.

2. MFUPA UNAOFAA

- Uwe mbichi, wa siku hiyo hiyo, wa mnyama aliyekaguliwa na ofisa wa nyama.
- Uwe mkubwa kuliko mdomo wa mbwa, asiweze kuumeza.
- Goti lenye gegedu ni bora kuliko mfupa mgumu wa paja la ng'ombe, ambao huweza kuvunja magego.
- Mpe akiwa ameshakula ugali wake. Mwenye njaa humeza haraka haraka.
- Mwondolee ukibaki mdogo. Kila mbwa awe na wake, wasigombane.
- Nawa mikono kwa sabuni baada ya kuushika.

Mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe wala asipewe mbwa. Inaweza kuwa kimeta. Mwite ofisa wa mifugo.

3. MAINI NA MAPAFU: HAPA MAMBO NI KINYUME

Mfupa usipikwe, lakini maini na mapafu lazima yapikwe. Kwa nini? Wakati mwingine ukichinja mbuzi au kondoo unakuta vifuko vya maji kwenye maini au mapafu. Watu wengi humtupia mbwa. Ndani ya vifuko hivyo mna vichwa vya minyoo. Minyoo hukua katika utumbo wa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya. Mtoto akicheza na mbwa kisha akala bila kunawa, humeza mayai. Ndani ya mwili wake kifuko huanza kukua polepole kwa miaka, mpaka tumbo livimbe na upasuaji uhitajike.

Ndugu zetu wa Turkana wameumia sana kwa ugonjwa huu, ndiyo sababu AMREF ilianzisha huko mpango wa kuudhibiti mwaka 1983. Sisi tufanye hivi: viungo vyenye vifuko vichomwe au vizikwe chini sana, mbwa asifukue. Vile vinavyoonekana safi vichemshwe nusu saa au zaidi. Tena mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

4. JE, NI MFUPA AU NI KICHAA?

Mbwa aliyekwama mfupa hujikuna mdomo kwa mguu, hukohoa na kutoa mate. Lakini mbwa mwenye kichaa naye hutoa mate, taya hulegea na hawezi kumeza. Ukimwona utasema ana mfupa kooni. Kwa hiyo, USIINGIZE MKONO MDOMONI MWAKE. Mfungie peke yake na umwite daktari wa mifugo.

Ukiumwa, au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama utaugua, maana dalili zikishaanza ni kuchelewa. Mbwa achanjwe kila mwaka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Siku ya sherehe, nani katika kikundi chetu atasimamia mifupa?
2. Pale tunapochinjia pana shimo lenye kifuniko? Tutalichimba lini?
3. Mbwa wangapi wa wanakikundi wamechanjwa mwaka huu?

Katibu aandike majibu, na mkutano ujao tuulizane yametekelezwa vipi.