SOMO LA WIKI: Meneja, punguza bidhaa

Katika mwaka wa fedha wa 1997 kampuni ya kompyuta ya Apple, Marekani, ilipata hasara iliyozidi dola bilioni 1. Steve Jobs aliposhika uongozi mwaka huo alikuta aina nyingi mno za kompyuta, hata wateja hawakujua wanunue ipi. Akachora jedwali la visanduku vinne: za watumiaji wa kawaida na za wataalamu, za mezani na za kubeba. Kila kisanduku mashine moja. Nyingine zikafutwa, na watu wakapoteza kazi. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Mwaka wa fedha wa 1998 ilipatikana faida ya dola milioni 309.

Nawe mwenye duka, kabla ya kuagiza mzigo mpya, pitia daftari la mauzo la miezi mitatu.