Nazi Jikoni Uchagani: Namna ya Kuila kwa Faida

Mnazi haustawi kwenye baridi ya Marangu wala Kibosho, lakini nazi za Tanga na Pangani hufika hadi masoko ya Moshi, na maharage, makande na ndizi za huku zinazidi kupikwa kwa tui. Ni jambo jema. Nazi ina nyuzinyuzi, madini ya chuma, shaba na manganizi. Ila katika kila gramu 100 za nazi mbichi, gramu 33 hivi ni mafuta, na karibu 30 kati ya hizo ni ya aina inayoganda, ambayo ikizidi hupandisha lehemu mbaya kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku: gramu 22 hivi kwa anayekula kalori 2,000. Kwa hiyo shika kanuni moja: nazi ishike nafasi ya mafuta mengine, isiongezwe juu yake.

1. Chagua nazi nzima. Itikise sikioni usikie maji yakicheza. Iwe nzito mkononi. Kagua yale macho matatu; yakiwa na ukungu au unyevu, iache. Ukishaivunja, onja kipande: ikiwa imechacha au ina ladha ya sabuni, usiipike.

2. Kamua kwa maji ya vuguvugu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Juni na Julai mlimani ni baridi kuliko hapo. Ukitumia maji ya bomba, mafuta yanabaki kwenye machicha, nawe unajikuta unakuna nazi ya pili bila sababu.

3. Tenganisha tui. Tui la kwanza, lile zito, weka pembeni. Jepesi ndilo la kuivishia maharage au ndizi mshare, pamoja na kitunguu na nyanya, bila kukaanga kitu. Zito litie mwishoni, moto uwe mdogo, koroga bila kuacha lisije likakatika. Kama sufuriani kuna nyama yenye mafuta, tui jepesi linatosha.

4. Tia kwenye mnafu. Mboga za majani zina viini vya vitamini A, na mwili huvifyonza vizuri vikiliwa pamoja na mafuta. Vijiko viwili vitatu vya tui zito vinatosha sufuria ya familia.

5. Usitupe machicha. Nyuzinyuzi za nazi hubaki humo, si kwenye tui. Yakaushe kidogo kwenye kikaango kikavu, kisha changanya kwenye uji wa ulezi au unga wa maandazi.

6. Badilisha. Siku nyingine pumzisha nazi, ule parachichi la shambani. Mafuta yake mengi si ya kuganda.

Mwenye lehemu nyingi au ugonjwa wa moyo azungumze na daktari kuhusu kipimo chake. Mgonjwa wa figo aulize pia kabla ya kunywa dafu, kwani lina potasiamu nyingi.

Anza na makande ya wiki hii: nazi moja kwa sufuria ya watu sita, bila tone la mafuta ya chupa. Utamu hautapungua.